Kloraidi ya mama mkwe imepanda, mawifi wananinyooshea kidole

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga na mama mkwe wangu mwenye miaka 63. Mume wangu yuko Maskati kikazi. Mawifi zangu ni wawili na wote wameolewa, mmoja hapahapa mjini, mwingine Dar es Salaam. Mimi na mama tunaelewana, ananiita mwanangu na sijawahi kumwona akinibadilikia. Balaa limeanza na karatasi ya maabara.

Mwezi uliopita tulikwenda harusini Pangani. Tuliporudi mama akaanza kuharisha na kutapika, hadi mchana wa pili hawezi hata kusimama. Nikampeleka kituo cha afya cha karibu, wakamlaza na kumtundikia dripu, chupa nne mpaka asubuhi. Ndipo wakamchukua damu ya kupima chumvi za mwili, dripu ikiwa bado inapita. Majibu yalipotoka, kijana aliyetukabidhi karatasi alisema tu, "Kloraidi iko juu, mpunguzieni chumvi," akaenda zake. Tukaruhusiwa.

Nakunakilia kama yalivyo: sodiamu 141. Potasiamu 3.3, ina herufi L. Kloraidi 112, ina H nyekundu, na pembeni wameandika 98–107. Baikaboneti 19, ina L. Yurea 6.2 na kreatinini 78, hizi hazina herufi yoyote.

Nikaipiga picha karatasi nikaituma kwenye kundi la familia. Haikupita saa moja, wifi wa Dar akarudi na majibu ya intaneti: kloraidi ikipanda ujue figo zinakufa. Tangu hapo hakuna anayelala. Baba mkwe alifariki kwa figo, miezi ya mwisho akisafishwa damu hukohuko Dar.

Kesho yake wifi wa hapa mjini akaja, akafungua kabati langu la jikoni, akatoa ng'onda, achari ya ndimu na vile vipakiti vya viungo vya supu, akavipanga mezani. "Hivi ndivyo vilivyommaliza mama." Mshauri, mpishi ni mimi, siwezi kukana. Ng'onda mama anaipenda mwenyewe, asipoiona siku tatu anaiulizia. Sasa anapikiwa chakula kisicho na chumvi hata chembe. Anakula vijiko viwili, anasukuma sahani.

Wifi kaleta pia chupa ya dawa ya mitishamba "ya kuosha figo", kikombe asubuhi na jioni. Haina jina wala maandishi. Sijaanza kumpa, kila siku natafuta sababu.

Kubwa zaidi, kikao cha simu kimeamua mama apelekwe India, na fedha itokane na kiwanja chetu cha Pongwe, ambacho mimi na mume wangu tumekilipia kidogokidogo. Mume wangu hajasema ndiyo wala hapana. Ananiambia, "Wewe ndiye uliye karibu naye, unaonaje?" Nikisema tusiuze, nitaonekana namtakia kifo mama wa watu kwa sababu ya kiwanja. Nikisema tuuze, na kumbe hakuna ugonjwa?

Na mama mwenyewe haambiwi kitu. Anatumia dawa za presha, amlodipini na kile kidonge cha kukojoza, na mawifi wanasema akisikia neno figo presha itampasua. Juzi ameniuliza, "Mwanangu, ile karatasi yangu inasemaje?" Nikamjibu ni mambo ya kawaida. Akanitazama, akasema, "Haya." Halafu akaniagiza diklofenaki zake za magoti, maana zimemwishia, na hata hilo sijui kama nimnunulie.

Je, ni kweli ni chakula changu? Na nifanyeje na haya mengine?

Mkwe, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguza, na pole zaidi kwa kusimamishwa kizimbani jikoni kwako mwenyewe.

Nianze na hilo la chakula, maana naona umeliuliza mwisho lakini ndilo linalokuuma kwanza. Kabla ya kuandika safu hii nilifanya kazi ya uuguzi, kwa hiyo namba ulizonakili nimezisoma kwa makini. Hata hivyo sijamwona mama, na barua haipimi mtu presha. Chukua nitakayosema kama maswali ya kwenda nayo kwa daktari.

Chumvi tunayopikia ni sodiamu na kloraidi zilizoshikana. Ukila ng'onda kloraidi inaingia, hilo ni kweli, lakini figo zinazofanya kazi huitoa iliyozidi kwa mkojo, na kiu hukusukuma unywe maji. Ndiyo maana watu wengi wanakula chumvi kupita kiasi miaka nenda rudi, presha inawapanda, na bado kloraidi kwenye damu yao inasoma kawaida. Kloraidi ya damu si kipimo cha mkono wa mpishi.

Sasa tazama kilichoingia mwilini mwa mama usiku ule. Chupa za dripu nyingi ni za nusu lita. Kama zote nne zilikuwa yale maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kila lita moja ina gramu 9 za chumvi, kwa hiyo aliingiziwa gramu 18 moja kwa moja mshipani kati ya mchana na asubuhi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa kutwa nzima. Kuna na jambo jingine: kloraidi ya maji hayo ni milimoli 154 kwa lita, kipimo kilekile cha karatasi yako, wakati damu inatakiwa iwe na 98 hadi 107. Ukimwongezea mtu lita mbili za maji yenye kloraidi nyingi kuliko damu yake, damu itasogea juu. Sisemi dripu ilikuwa kosa. Mtu ambaye hawezi kusimama kwa kuharisha na kutapika anaweza kufa kwa kukosa maji, na chupa zile huenda ndizo zilizomrudisha kwenu. Nasema tu kwamba mashtaka ya ng'onda yana mshitakiwa mwenzake, ambaye hakuna aliyemwita.

Yuko na wa tatu, nao ni huko kuharisha. Choo cha maji huondoka na baikaboneti nyingi, ile inayozuia damu isizidi asidi. Baikaboneti na kloraidi ni kama abiria wanaogombea viti vya daladala moja: huyu akishuka, yule anakaa. Mama kapoteza baikaboneti ikafika 19, kloraidi ikajaza nafasi. Madaktari wana hesabu ndogo wanayoifanya hapa. Wanachukua sodiamu, wanatoa jumla ya kloraidi na baikaboneti. Kwa mama ni 141 kutoa 131, inabaki 10, na kawaida ni kama 8 hadi 12. Figo zikishindwa kabisa na sumu zikarundikana, au damu ya mgonjwa wa kisukari ikizidi asidi, pengo hilo hutanuka. La mama halijatanuka. Picha hii inafanana na tumbo lililoharisha na dripu iliyofuata. Lakini yako maradhi ya mirija ya figo yanayotoa picha hiyohiyo, ndiyo sababu sitaki uchukue barua hii ukaenda kumshinda nayo wifi.

Wifi hakukosea kusoma. Figo zimo katika orodha ya sababu, ila naye amesoma mstari mmoja katika karatasi yenye mistari sita. Kreatinini, ile taka ya misuli ambayo figo huitoa, ya 78 kwa mwanamke iko ndani ya mipaka ambayo maabara nyingi hutumia, na yurea nayo haikuwekewa alama. Hilo halithibitishi kwamba figo zimesalimika. Kipimo kimoja, tena siku ya ugonjwa, hakithibitishi jambo kwa upande wowote. Ugonjwa sugu wa figo huitwa hivyo dalili zake zikidumu zaidi ya miezi mitatu, na mara nyingi hutangulia kuonekana kwenye mkojo, kwa protini inayovuja, wakati kreatinini bado ni nzuri.

Umeandika pia kwamba damu ilitolewa dripu ikiwa inapita. Ilitolewa mkono upi? Kama ni uleule wenye dripu, juu ya pale sindano ilipoingia, inawezekana sehemu ya kilichopimwa ni maji ya chupa, na hapo kloraidi hupanda na potasiamu hushuka pasipo mama kuwa na tatizo lolote. Huenda mama anakumbuka. Muulize yeye.

Mimi, mwanangu, H nyekundu haikunishtua sana. Jicho langu lilikwenda kwenye ile 3.3, ambayo kundi zima la familia limeiruka. Potasiamu ikishuka zaidi huchezea mapigo ya moyo na kulegeza misuli. Kuharisha kunaishusha, na vidonge vingi vya kukojoza anavyopewa mtu wa presha vinaishusha pia. Hilo ni la kurudiwa kupimwa mapema, na daktari aulizwe kama kidonge kile kiendelee vilevile. Msikikate wenyewe nyumbani.

Na diklofenaki. Hapa nitasema wazi kidogo. Dawa hizo za maumivu hupunguza damu inayofika kwenye figo. Mtu akiwa ametoka kuharisha, ana presha, anatumia kidonge cha kukojoza, halafu anameza diklofenaki za dukani kila magoti yakimsumbua, figo zake zinabanwa pande tatu kwa pamoja. Kama kuna kitu katika barua yako kinachonipa wasiwasi juu ya figo za mama, ni hicho, kuliko kloraidi. Ukichelewa kumnunulia mpaka amwone daktari hutakuwa umemnyima kitu cha lazima. Kuna dawa nyingine za maumivu za kuulizia, na kuna dawa za kupaka.

Chupa ya wifi iko kundi hilohilo, na kwayo nina hofu zaidi kwa sababu hakuna anayejua kilichomo. Sidharau mitishamba, nimelelewa nayo. Lakini ipo mimea inayojulikana kuharibu figo zenyewe, na ikishachemshwa na kutiwa chupani huwezi kuitambua. Unaweza kumwambia wifi ukweli ulio nusu ya njia: mama ana dawa za presha, tusubiri daktari aione chupa hii kwanza asije akachanganyiwa. Atakasirika? Huenda. Lakini kuendelea kutafuta sababu kila siku nako kuna mwisho wake. Siku moja utakuwa sokoni, na mtu mwingine atamimina kikombe.

Sasa nirudi kwenye mstari mmoja uliouandika ukapita haraka: baba mkwe alifariki kwa figo. Ningekuomba ukae na mstari huo kidogo. Wifi yako alipopanga achari mezani, inawezekana alikuwa anakuona wewe, na inawezekana alikuwa anaona mashine ya kusafisha damu na baba yake kitandani. Mtoto aliyemzika mzazi mmoja kwa ugonjwa uliogunduliwa umechelewa, akisikia jina la ugonjwa ule kwa mzazi wa pili, hutafuta kitu cha kushika, na kabati lako ndilo lililokuwa karibu. Sijui kama ndivyo. Wewe unamjua. Ila ukizungumza na mtu mwenye hofu kana kwamba ni mtu mwenye chuki, mazungumzo yatakwenda vibaya hata kama namba zote ziko upande wako.

Tena kuna jambo ambalo sina hakika kama kuna aliyelifikiria katika kikao chenu. Nachukulia mama na baba hawakuwa ndugu wa damu. Ugonjwa wa baba haumfuati mkewe. Unaoweza kuwafuata ni watoto, maana presha, kisukari na baadhi ya maradhi ya figo hutembea katika ukoo. Yaani wanaostahili kupima presha, sukari na mkojo kwa sababu ya marehemu baba ni mawifi zako wawili, na mume wako huko Maskati. Kwa namna utakavyoona inafaa, hilo linaweza kuwa mlango wa kuongea na wifi bila kurudi kwenye ng'onda.

Kuhusu India na kiwanja, sitakuambia muuze au msiuze. Ninaloweza ni kukuuliza: mkifika huko, mtamwambia daktari anatibu nini? Mpaka leo mnayo karatasi moja ya siku ya kuharisha. Hakuna daktari aliyetamka ugonjwa, hakuna kipimo kilichorudiwa, hakuna aliyeandika rufaa. Na hata ingekuja kuwa figo, siku hizi kusafisha damu kunafanyika hapa nchini, na upandikizaji nao umeanza, Muhimbili tangu 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma tangu 2018. Safari ya nje inaweza kuwa na maana mwisho wa njia fulani. Ninyi bado hamjaanza hiyo njia.

Njia moja, basi, ni kuwaomba wote jambo dogo: kabla ya kikao kingine, mama arudiwe vipimo akiwa ameacha kuharisha, anakula na kunywa, hana dripu. Chumvi zile zote, kreatinini, sukari, na mkojo wa kupima protini. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, iko hapo mjini. Faida yake ni kwamba hujasema "tusiuze", umesema "tujue kwanza", na neno hilo hata mume wako anaweza kulichukua na kulisema yeye kwa dada zake. Hatari yake ni kwamba majibu yanaweza kurudi mabaya, na lazima uwe umejiandaa kwa hilo pia. Yakirudi mazuri, usitarajie kuombwa radhi siku hiyohiyo.

Njia nyingine ni kumwachia mume wako aamue, kwa kuwa mama ni wake na dada ni zake. Ni heshima, na inakutoa mbele. Lakini yeye yuko mbali, anasikia sauti tatu kwenye simu, na ameshakuambia anasubiri yako. Ukinyamaza, kimya chako naye atakitafsiri. Unaweza kumweleza hofu yako yote, hata ile ya kiwanja, kama ulivyonieleza mimi. Kutaka kukijua chanzo kabla ya kuuza mali mliyoitolea jasho hakumaanishi unamtakia mama kifo, na nadhani mume wako analijua hilo kuliko unavyomdhania.

La mama limenigusa. Mawifi wanaamini kumficha ni kumlinda, na wapo wazee ambao kweli hawataki kuambiwa. Lakini mnachomficha ni nini hasa? Hakuna habari mbaya iliyothibitishwa. Kuna namba moja iliyopanda siku aliyoharisha. Yeye anaona chakula kimebadilika ghafla, watu wananong'ona, mkwe wake anamkwepa macho. Alichokijenga kichwani mwake chaweza kuwa kibaya kuliko figo. Tena yeye ndiye ajuaye mambo ambayo daktari atayataka: anakojoa mara ngapi, miguu imewahi kuvimba, diklofenaki anameza ngapi kwa siku, damu ilitolewa mkono gani. Mkimweka nje, mnakosa shahidi wenu mkuu.

Ukiamua kumwambia peke yako, mawifi wanaweza kuona umevunja makubaliano, na lawama ya presha ikipanda itakuangukia wewe. Ukiendelea kumficha, siku akijua atakumbuka kwamba alikuuliza. Katikati hapo pana nafasi: aende mwenyewe kwa daktari, wifi wa hapa mjini awepo, na daktari ndiye aeleze. Hapo hakuna mkwe aliyesema wala wifi aliyezungukwa. Au ukamwambia mama ukweli ulio mdogo na kamili: "Kuna vipimo viwili vitatu havikukaa sawa kwa kuharisha, tunatakiwa turudie." Wewe ndiye unayemjua akisema "Haya" anamaanisha nini.

Na jikoni? Kumwondolea mama chumvi ghafla hadi chembe ya mwisho, huku akinywa kidonge cha kukojoza bila kula vizuri, kunaweza kumshusha sodiamu akaanza kuchanganyikiwa. Hiyo ni hatari ambayo hamkuwa nayo. Kupunguza ni sawa, kwa sababu ya presha yake, na mgelipunguza hata bila karatasi hii. Ng'onda mara mojamoja, iliyolowekwa na kumwagwa maji, achari kidogo pembeni, viungo vya pakiti uviache dukani, na ndimu, bizari na tangawizi zifanye kazi ya chumvi. Msimpe ile chumvi mbadala ya wagonjwa wa presha bila kumuuliza daktari, kwa kuwa nyingi ni kloraidi ya potasiamu.

Kuharisha kukirudi, mpe maji ya ORS mapema msingoje alegee. Na ukiona anahema harakaharaka, amezubaa, moyo unamwenda mbio au unaruka mapigo, misuli imelegea, au kutwa nzima hajapata mkojo, mwahishe hospitali saa hiyohiyo. Hilo halihitaji kikao cha simu.